Nani alipe kodi ya ukumbi wa kung fu?

Ip Man, mwalimu wa kung fu, aliingia Hong Kong mwishoni mwa 1949, mtu wa zaidi ya miaka 50, ameacha kila kitu nyuma katika China iliyokuwa ikibadilika utawala. Mwaka uliofuata alianza kufundisha mtindo wake, Wing Chun, katika chama cha wafanyakazi wa migahawa, eneo la Sham Shui Po. Chumba kilikuwa cha chama, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wanachama. Kutoka hapo, hadi alipofariki mwaka 1972, alihamahama kutoka jengo moja hadi jingine. Katikati ya miaka hiyo alipokea kijana aitwaye Bruce Lee, ambaye baadaye angewafanya watoto wa nusu ya dunia, wa Afrika Mashariki wakiwemo, warushe mateke uani.

Umaarufu huo haukuziokoa shule zenyewe. Hong Kong ya leo inafunga kumbi za kung fu, na ukiuliza sababu utaambiwa vijana wamelewa simu, ni wavivu, au wamekimbilia MMA, mapigano ya mitindo mchanganyiko. Maelezo hayo yanawaridhisha wazee, lakini hayatoshi. Kijana mvivu hakuzaliwa juzi. Kinachopaswa kuulizwa kwanza ni nani alikuwa akilipa pango zamani, na kwa nini halipi tena.

Tuanze na Wong Fei-hung, mwalimu wa Guangdong, kusini mwa China, aliyefariki katikati ya miaka ya 1920 na kutengenezewa filamu nyingi kuliko karibu mtu yeyote. Watazamaji wanamkumbuka kwa mapigano. Jamii yake ilimjua pia kama tabibu, mwenye zahanati iliyoitwa Po Chi Lam. Wanafunzi wake waliohamia Hong Kong, akiwemo Lam Sai-wing aliyekuwa mchinjaji, walikwenda na mtindo huohuo wa maisha: mwalimu wa ngumi ni pia muunga mifupa. Mchana chumba kinapokea wagonjwa waliovunjika mkono bandarini au kuteguka kifundo cha mguu, wanakandwa na kufungwa dawa. Jioni chumba kilekile kinageuka ukumbi. Mara nyingi usiku mwalimu analala humohumo. Ikifika sikukuu ya mwaka mpya, au duka jipya linapofunguliwa, wanafunzi wanacheza ngoma ya simba na bahasha ya shukrani inaingia kwenye mfuko wa shule.

Kwa hiyo ada ya mwanafunzi haikuwa nguzo ya nyumba. Pango moja liligawanywa kwa kazi tatu, na ada ilikuja kuongezea tu.

Kisha kazi ya mchana ikaanza kuondoka. Hospitali ziliongezeka, na mwaka 1999 Hong Kong ikapitisha sheria ya tiba ya Kichina iliyoweka uunganishaji wa mifupa chini ya usajili. Wakongwe walipewa njia ya mpito. Anayeanza sasa lazima apite chuo kikuu na mtihani wa leseni. Siilaumu sheria hiyo. Mgonjwa ana haki ya kujua anayemshika mfupa amesoma wapi. Lakini matokeo yake kwa shule ni mazito. Mwanafunzi mrithi anaweza kupokea mitindo yote ya mwalimu wake na asipokee riziki iliyokuwa ikiishikilia. Anabaki na chumba kinacholipiwa saa 24 na kutumika saa mbili au tatu za jioni, watu wakishatoka kazini, katika mji ambao kwa miaka mingi umetajwa kuwa miongoni mwa miji yenye nyumba ghali zaidi duniani.

Ubanaji huo umeacha alama hata kwenye vifaa. Wanafunzi wa Wing Chun hujifunza kwa gogo lenye mikono mitatu na mguu mmoja. Kusini mwa China lilikuwa likichimbiwa ardhini kama nguzo ya uzio. Hong Kong hakuna ardhi ya kuchimba ukiwa ghorofa ya tano, hivyo likaanza kutundikwa kwenye pau mbili za mbao zilizofungwa ukutani, na likipigwa linacheza kidogo na kurudi. Leo gogo la namna hiyo limeenea duniani kote. Lakini kuna vitu visivyokubali kubanwa. Fimbo ndefu ya mtindo huohuo huzidi mita mbili na nusu; ukiizungusha chini ya dari fupi unapasua taa. Ngoma ya simba nayo ina kelele, na jirani wa ghorofa ya chini ana mtoto mchanga.

Hapa mpinzani wangu ana hoja ya kweli, na lazima ijibiwe. Jimu za Muay Thai na jiu-jitsu ya Kibrazili ziko mji huohuo na zinalipa pango lilelile. Zinawezaje? Kwa sehemu, zinafungua tangu asubuhi. Mfanyakazi wa ofisi anapitia kabla ya kazi, mwingine saa ya chakula, na sakafu haipumziki. Mgeni anatoka jasho siku ya kwanza na kugundua wiki ya pili kwamba kuna kitu anakiweza. Mwalimu wa jadi humwambia mgeni asimame mkao wa farasi miezi kadhaa kabla hajafundishwa kupiga. Tena baadhi ya walimu wa jadi wamejificha nyuma ya sifa zisizopimwa. Aprili 2017, huko Chengdu, mpiganaji wa MMA Xu Xiaodong alimwangusha Wei Lei, mwalimu wa taichi, chini ya nusu dakika, na video ikazunguka China nzima. Shule isiyothubutu kujaribu inachofundisha haina haki ya kudai huruma ya mtu.

Hata hivyo, tukisema soko liamue, tujue litaamua nini. Mwalimu mwenye deni la pango huanza kuuza mikanda. Mitihani inaongezeka, rangi zinaongezeka, na hakuna mtoto anayefeli kwa sababu mzazi wake ndiye kodi ya mwezi ujao. Shule inabaki wazi, kilichomo ndani kinakwisha. Kwangu huo ni ufungaji mbaya zaidi.

Okinawa, kisiwa cha Japani, imedumu kwa njia nyingine. Chojun Miyagi, mwanzilishi wa mtindo wa karate wa Goju-ryu, alifundishia katika ua wa nyumba yake mjini Naha, na mpaka leo dojo nyingi, yaani kumbi za mazoezi, za kisiwa hicho ziko nyumbani kwa sensei, mwalimu mwenye ajira yake ya mchana. Wasiwasi wao ni mrithi zaidi kuliko pango.

Nasi Tanzania tuna ushahidi wetu. Goju-ryu ilishika mizizi Dar es Salaam miaka ya 1970 katika mazingira ya Shule ya Zanaki, chini ya Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani, na kutoka hapo walitoka masensei waliofundisha wengine. Zanzibar, Tsuyoshi Shimaoka alianza kufundisha judo miaka ya 1990, na mchezo ukapata jumba lake kwa msaada wa Japani. Kote kuwili kulikuwa na sakafu ambayo mwalimu hakulazimika kuilipia bei ya soko.

Hong Kong imewarekodi walimu wake wazee kwa kamera za kunasa kila mwendo wa mwili, kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha City na wadau wake. Naiheshimu. Lakini kumbukumbu ya kompyuta haimsahihishi mwanafunzi anayeinua bega vibaya.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wakuu wa shule na halmashauri zetu. Mabwalo ya shule hufungwa kufuli wanafunzi wakiondoka. Yafunguliwe saa 12 jioni hadi saa 2 usiku kwa klabu za karate, judo, kung fu na ngumi, kwa malipo ya umeme na mlinzi tu. Klabu nayo iandikishwe, itunze hesabu zake mbele ya wazazi, na ipokee watoto wa mtaa wasio na ada. Sensei aliye tayari kwa masharti hayo apewe ufunguo.