Mafunzo ya Kompyuta Vyuoni: Anayealikwa na Anayefanya Kazi

Mwishoni mwa muhula uliopita mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliingia ofisini kwangu, akaniamkia, kisha akabaki amesimama. Mfumo wa matokeo ulionyesha kuwa amefeli somo langu. Nilishangaa, kwa kuwa niliikumbuka insha yake. Ilikuwa miongoni mwa zile chache nilizozisoma mara mbili kwa kupendezwa nazo. Bila kosa hilo kurekebishwa, jina lake lisingeingia katika orodha ya wahitimu.

Nilihangaika na mfumo ule kwa saa nzima bila kuona tatizo liko wapi. Hatimaye nilimwita katibu muhtasi wa idara. Alilitazama jedwali langu kwa muda mfupi, akasema kwa upole, "Mwalimu, ulipoyapanga majina kwa alfabeti, alama hazikuhama pamoja nayo." Kuanzia mstari wa kumi na mbili, kila mwanafunzi alikuwa amebeba alama za mwenzake. Nilikuwa nimewapa watu zaidi ya arobaini matokeo yasiyo yao, na aliyekuja kulalamika alikuwa mmoja tu.

Nilimuuliza katibu amejifunzia wapi mambo haya. Akacheka. "Kwa mwanangu, Mwalimu. Na kwa kuwaingizia wahadhiri matokeo yao." Yeye hajawahi kualikwa kwenye mafunzo ya kompyuta hata mara moja. Mimi nimealikwa mara tatu, na vyeti ninavyo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza mafunzo tunayopewa vyuoni yanamfundisha nani, na yanamfundisha nini. Hayo niliyohudhuria mimi yalifanana. Tulikaa ukumbini siku mbili, zaidi ya watu hamsini, wengi wetu bila kompyuta mbele yetu. Mkufunzi alipitisha slaidi moja baada ya nyingine. Tulikunywa chai, tukapiga picha ya pamoja, tukasaini karatasi ya posho. Juma lililofuata hapakuwa na mtu wa kumuuliza tulipokwama. Nami nilisaini kama wengine, wala sijitoi katika lawama hii.

Kinachofuata baada ya semina za namna hiyo tunakijua, ingawa hatukisemi hadharani. Mhadhiri anayeona haya kuuliza humpa katibu au msaidizi wake nywila yake, na kuanzia hapo alama, majina na taarifa za wanafunzi hupita mikononi mwa mtu ambaye hakupewa mamlaka hayo wala ulinzi wake. Likitokea kosa, msaidizi ndiye atakayeulizwa. Tangu Mei 2023 nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Tunawezaje kuitii, ikiwa nywila ya profesa imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukingoni mwa kompyuta ya idara?

Watasema wengine kuwa haya ni mambo madogo. Historia yetu haikubaliani nao. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya matatizo ya mfumo wa mahesabu ya Serikali, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku. Mashine ilibebeshwa lawama, ilhali sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa upungufu wa watu wetu wenyewe walioielewa. Marufuku ile ilitugharimu miaka mingi. Leo kompyuta zimejaa ofisini, lakini mtu aliyewekewa mashine mezani bila kufundishwa kuitumia hana tofauti kubwa na yule aliyekatazwa kuinunua.

Tulilipia upungufu huo tena mwaka 2020. Vyuo vilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya UVIKO-19, vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Moodle, programu huria isiyodai ada ya leseni, ilikuwa tayari imewekwa kwenye seva za baadhi ya vyuo vyetu kwa miaka kadhaa. Hata hivyo, masomo mengi yalisimama. Ni kweli kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na vifaa wala vifurushi vya intaneti. Lakini ni kweli pia kwamba wengi wetu hatukujua namna ya kupandisha hata zoezi moja. Na tangu mwisho wa mwaka 2022, zana za akili mnemba kama ChatGPT zimetukuta tukiwa palepale: mwanafunzi anaitumia, mwalimu anaikataza asichokijua.

Kisingizio cha fedha hakitoshi. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, unagusa majengo, vifaa na pia mafunzo ya watumishi. Mkopo huo utalipwa na kodi za Watanzania, wakiwemo makatibu, watunza masijala, wakutubi na mafundi sanifu wa maabara. Wana haki ya kuuliza wamo wapi katika mafunzo hayo.

Ninachopendekeza hakihitaji hoteli. Kila ndaki itenge saa mbili kwa juma, ndani ya saa za kazi, watumishi wa ngazi zote wakae pamoja, kila mmoja akiwa na kompyuta na kazi yake halisi mbele yake. Wanafunzi wa fani za kompyuta wasaidie kama sehemu ya mafunzo yao kwa vitendo. Pawepo mtu anayefahamika wa kuulizwa siku yoyote. Na ujuzi uliopatikana utambuliwe wakati wa kupandisha watu vyeo, kwa mhadhiri na kwa katibu vilevile. Msomi mzee asione aibu kufundishwa na kijana. Aibu ni kumpotezea mtoto wa mwenzako shahada yake kwa kuogopa kuuliza.

Alama zote zilirekebishwa, nami niliandika barua ofisi ya mitihani kukiri kosa langu. Wanafunzi kadhaa walishuka madaraja, na ilinibidi niwaite mmoja mmoja kuwaeleza. Yule binti alihitimu.

Kisha nikapendekeza kwa maandishi katibu wetu awekwe katika orodha ya mafunzo yajayo, tena kama mmoja wa wakufunzi. Nilijibiwa kwa adabu kwamba bajeti hiyo ni ya wanataaluma pekee. Jibu hilo, kama mengine mengi ya idara yetu, lilikuwa limechapwa na yeye.