Peasi Chini ya Benchi
Walutheri wa Usambara wanaimba tangu misheni ya Mlalo ilipoanza mwaka 1891, lakini watoto wa shule ya Jumapili bado tunawaimbisha wakiwa wamekaa kama mizigo. Walimu wa Lushoto, nawasihi mjaribu hili: mtoto mmoja atoke nje, wenzake wafiche peasi chini ya benchi. Akirudi kulitafuta, waimbe kwa sauti ya chini akiwa mbali, wapaze sauti kadiri anavyolikaribia. Ubeti utarudiwa mara kumi na hakuna atakayechoka. Nimemwona binti mwenye haya, aliyezoea kuchezesha midomo tu huku ameshika sweta la dada yake, akiimba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, kwa kuwa rafiki yake alibakiza hatua moja kulifikia tunda.