"Kiuchumi" Si "kwa Kiasi"

Kiingereza kina vivumishi viwili, "economic" na "economical". Cha kwanza chahusu uchumi. Cha pili, kutofuja. Vikigeuzwa kuwa vielezi, vyote viwili huwa kimoja tu: "economically". Hapo ndipo mfasiri anapojikwaa, kwani aghalabu huandika "kiuchumi" popote akionapo kielezi hicho.

Lau katika mtaa wa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, pangebandikwa tangazo lisemalo "Tumia maji kiuchumi", lingefahamikaje? "Uchumi" umetokana na kitenzi "chuma", yaani kupata mali au faida. Ndiyo maana wahenga wakanena kuwa mchumia juani hulia kivulini. Kwa mantiki hiyo, muuza maji wa mkokoteni angekuwa ndiye mtiifu kuliko wote, ilhali mwandishi alikusudia mifereji ifungwe.

Waama, Kiswahili hakina upungufu. Kina "kwa kiasi", "kwa uangalifu" na "bila israfu". Kina pia "iktisadi", neno lenye asili ya Kiarabu, ambako shina lake lahusu kushika wastani. Apikaye kwa mafuta haba apika kwa kiasi. Nchi iliyostawi kwa biashara imestawi kiuchumi.

Kwa hivyo, mwanafunzi wa tafsiri hana budi kujiuliza kwanza: je, hapa pazungumziwa kuchuma au kutofuja? Akikosea jibu, tangazo la kuhifadhi maji litasomeka kama wito wa kuyauza.