Kaliba Kubwa Haifichi Shabaha Mbovu

Wasee, hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo wengi wetu tunauona kwa simu tu. Na ukitazama video za kuwinda elki Marekani, yule mnyama wa pembe za matawi, ushauri ni ule ule: ati mnyama mkubwa anataka risasi kubwa. Ati kama huna .338 Winchester Magnum, kaa nyumbani.

Zii. Hapo nakataa.

Elki si mbuzi, hiyo najua. Dume linapita kilo 300 na mfupa wa bega lake si mchezo. Lakini kinachomuua haraka ni tundu kwenye mapafu au moyo. Mpige tumboni na hiyo .338 yako uone. Ataenda mbali, afe polepole msituni, na pengine hutampata. Yeye hajui kaliba yako ni ngapi. Anajua tu hukulenga.

Halafu kuna teke. .338 inapiga bega karibu mara moja na nusu ya .30-06. Ukipigwa hivyo mara tano, ya sita unafumba macho kabla hujavuta triga. Risasi zenyewe ni bei, kwa hivyo mazoezi unapunguza. Sasa umenunua nguvu na umejifunza uoga.

Colorado, jimbo lenye elki wengi kuliko yote Marekani, sheria inaruhusu kuanzia kaliba ya .24, kama milimita 6 hivi. Hicho ni kiwango cha chini kabisa, sisemi ndicho bora. Lakini Jack O'Connor, mwandishi wa uwindaji, aliangusha elki na .270, risasi ya 1925 yenye milimita 7 tu. Na hapa jirani, W.D.M. Bell, Mskoti aliyeitwa "Karamojo" kwa sababu ya Karamoja, Uganda, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi ya milimita 7. Kwangu si shujaa, alifuata pembe. Lakini alipasua mafuvu ya ndovu ajue ubongo uko wapi. Alisoma mnyama kwanza.

Utasema risasi nzito inapenya zaidi mnyama akisimama mshazari. Kweli. Kama unaimudu bila kushtuka, beba. Lakini kupenya kunategemea pia risasi imeundwaje: ile ya kupasuka haraka itaishia begani hata iwe nene. Na kama pembe ya kupiga ni mbaya, ngoja ageuke. Asipogeuka, mwache aende.

Hii tabia tunaijua hata huku. Matatu ina spika kumi na breki zimeisha. Kitu kikubwa kinanunuliwa kufunika kile mtu hataki kujifunza.

Teke likikufumbisha macho, shuka kaliba, bana. Ego yako itapona. Elki mwenye risasi tumboni haponi.