Jiko la makaa na hesabu ya moli

Ukipita Ngaremara, kwenye barabara kuu itokayo Isiolo kuelekea Archer's Post, huenda ukaona magunia ya makaa kando ya lami yakingoja mwenye gari. Makaa kama hayo ndiyo huishia kwenye jiko lako mjini. Leo tuyatumie kumsaidia mwanafunzi anayetoka jasho kila asikiapo neno "moli".

Makaa yakiungua vizuri, mlinganyo ni C + O2 → CO2. Hewa ikipungua, huwa 2C + O2 → 2CO. Tarakimu zilizo mbele ya alama ndizo uwiano wa moli. Katika mlinganyo wa kwanza, moli moja ya kaboni hutaka moli moja ya oksijeni. Katika wa pili, oksijeni ile ile imegawiwa kaboni mbili. Wengi huanguka hapa kwa kuzisoma tarakimu hizo kama gramu. Si gramu! Geuza gramu ziwe moli, tumia uwiano, ndipo urudi kwenye gramu au lita.

Haya, shika kalamu. Umetia jikoni gramu 600 za makaa, nasi tuyachukulie kuwa kaboni tupu (mtahini naye hufanya hivyo, asikutishe). Moli moja ya kaboni ni gramu 12, kwa hiyo una moli 50. Uwiano ni 1 kwa 1, basi zatakiwa moli 50 za oksijeni. Katika joto la kawaida la chumba, moli moja ya gesi hujaza lita 24. Jumla ni lita 1,200.

Sasa pima chumba cha kupanga: mita 3 kwa 3, dari mita 2.5. Hizo ni lita 22,500 za hewa, na oksijeni ni takriban asilimia 21, yaani lita 4,725. Jiko moja limekula robo, na dirisha umelifunga kwa sababu ya baridi ya Julai!

Hapo ndipo mlinganyo wa pili unapoingia. Tuseme sehemu moja tu kwa kumi ya kaboni, moli 5, imeungua hivyo. Uwiano wa 2C kwa 2CO ni sawa kwa sawa: moli 5 za CO, lita 120. Katika chumba kile ni zaidi kidogo ya nusu ya asilimia moja. Wadhani ni kidogo? Ukivuta hewa yenye kiasi hicho, saa moja haiishi ukiwa hai. Kaboni monoksidi hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na haina rangi wala harufu. Mzazi anayengoja moshi uishe ndipo aingize jiko ndani anajidanganya. Makaa mekundu yasiyo na moshi huitoa vile vile. Nyumba ya fito hupitisha upepo, lakini chumba cha mawe chenye matambara chini ya mlango hakipitishi. Mtu akilalamika kichwa na kichefuchefu karibu na jiko, mtoe nje kwanza, kisha mkimbize hospitali.

Swali la Jumapili, mwanafunzi: gramu 240 za kaboni zikiungua zote kwa mlinganyo wa pili, zitatoa gramu ngapi za CO? Jibu ni 560. Aliyepata 240 bado anasoma tarakimu kama gramu.