Mchezo Usio na Mwisho

Wako watu wasemao kuwa mchezo ulioanzwa hauna budi kumalizwa, na ya kuwa aondokaye kabla ya mwisho ni mwoga. Hujitetea kwa methali: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali ni njema, lakini hapa imepotoshwa. Aogaye hutoka majini akiisha takata. Hakuagizwa kulala mtoni.

Nasema haya kwa ajili ya michezo ya video, ambayo leo imo katika simu za vijana hata visiwani kama Songo Songo, mbele ya pwani ya Kilwa. Wazee wetu walicheza bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64; safu ya mbele ya mchezaji ikibaki tupu, mchezo umekwisha, ingawa nyuma ana kete tele. Mwisho umo katika mchezo wenyewe. Michezo mingi ya simu haina mwisho huo. Tetris, uliotungwa Moscow mwaka 1984, ulikuwa dalili ya mapema: vipande huanguka kwa kasi izidiyo mpaka mchezaji ashindwe. Ya siku hizi imeongezewa zawadi za kila siku, ili aondokaye ajione amepata hasara. Kuungoja mwisho wake ni kungoja jahazi lisilong'oa nanga.

Ataniuliza mtu: je, mchezo wenye hadithi na tamati? Umalize ukikupendeza, ukikuchosha, uache. Saa zilizopotea hazikombolewi kwa kupoteza nyingine.

Wengine hutaka sheria. China mwaka 2021 iliwawekea watoto walio chini ya miaka 18 saa moja tu, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Shirika la Afya Duniani nalo limeuingiza uchezaji unaomtawala mtu katika orodha ya maradhi iliyoanza kutumika 2022. Siipingi sheria, lakini sheria humwondoa mtu mchezoni, haimfundishi kuondoka.

Mafundisho hayo yako Songo Songo penyewe. Wakati wa bamvua, maji yakipwa sana, watu hutembea juu ya miamba kutafuta pweza. Maji yakianza kurudi, mwenye busara huondoka, hata kama amekwisha liona shimo lenye pweza ndani. Hapana amwitaye mwoga. Wamwitaye mwoga kijana aliyezima simu ili alale, asome au awahi chombo alfajiri, wamekosa haya.

Basi, ewe kijana, weka kikomo kabla ya kuanza, maana katikati ya mchezo hukumu yako si yako tena. Ondoka ungali na hamu. Bahari ina kupwa na kujaa. Mchezo wa simu hauna. Wewe mwenyewe uwe maji yake yajaayo.