Kwa Nini Mitume Hawapumzishwi?

Russell M. Nelson alipofariki dunia tarehe 27 Septemba 2025, akiwa na miaka 101, mjadala uliozuka ulinikera tangu siku ya kwanza. Kila aliyeandika aliikimbilia miaka. Mrithi wake, Dallin H. Oaks, alikuwa na 93 wakati huo. Nelson mwenyewe alianza kuliongoza Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho akiwa na 93. Waliolaumu walihesabu, na waliotetea nao wakahesabu, wakitukumbusha jinsi mzee yule alivyoendelea kuzunguka mabara baada ya kuvuka tisini. Upande wowote haukuligusa swali ambalo kwangu ndilo kiini cha uongozi wa kanisa hili: nani hupumzishwa, na nani hapumzishwi. Toleo hili nimelipanga kulizunguka swali hilo, hata pale ambapo waandishi wetu walikuwa na nia nyingine.

Msomaji wetu anazijua ngazi, kwa hiyo sitazipanga upya hapa. Nataka tutazame watu wanavyopita katika ngazi hizo. Askofu wa kata ni fundi umeme, mwalimu, mwenye duka. Halipwi. Anaitwa, waumini wanainua mikono kumwidhinisha, na kwa takriban miaka mitano anabeba kata nzima: zaka, mahojiano ya kibali cha hekalu, ndoa zinazoyumba, nyumba zisizo na unga. Kisha Jumapili moja, katika mkutano wa sakramenti, jina lake linasomwa, mikono inainuliwa tena kumshukuru, na kazi imekwisha. Wiki inayofuata huenda akapewa darasa la watoto wa Msingi. Rais wa kigingi hukaa miaka tisa hivi. Rais wa misheni, mitatu. Hakuna aliyegombea, na hakuna anayeulizwa kama angependa kuendelea.

Nasema wazi kwamba naiheshimu sana nidhamu hii. Katika Afrika Mashariki tumezoea makanisa ambayo mwanzilishi hashuki mpaka azikwe, na akizikwa kiti kinabaki kwa mjane au mwanawe, pengine baada ya kesi mahakamani. Anayeishi katika mazingira hayo akimwona askofu wa jana ameketi benchi la nyuma, akimsikiliza kijana aliyekuwa karani wake, anapaswa kutambua kwamba anatazama jambo gumu lililofanywa kuwa la kawaida. Mchango mkubwa wa Watakatifu wa Siku za Mwisho katika fikra za uongozi wa dini uko hapo, na makala yetu ya kwanza, iliyoandikwa na mtu aliyewahi kuwa askofu, inauonyesha vizuri kuliko nitakavyoweza.

Nidhamu hii imepanda hadi karibu na kilele. Mpaka 1978 waliokuwa katika Akidi ya Kwanza ya Sabini walihesabiwa kuwa viongozi wa maisha. Mwaka huo ukaanzishwa utaratibu wa kuwastaafisha kwa heshima. Mwaka 1979 Patriaki wa Kanisa, Eldred G. Smith, aliyekuwa na cheo cha kurithi katika ukoo wa Hyrum Smith, alistaafishwa vivyo hivyo, na hakuna aliyewekwa mahali pake tena. Mwaka 1989 ikaundwa Akidi ya Pili ya Sabini, ambayo watu wake waliitwa kwa miaka mitano tu. Joseph W. Sitati wa Kenya, Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa Kiongozi Mkuu mwenye Mamlaka, aliitwa Aprili 2009 na kupumzishwa Oktoba 2022 akiwa na miaka 70. Mkutano mkuu uliompumzisha uliongozwa na rais mwenye miaka 98.

Nawaomba wasomaji waziweke tarakimu hizo mbili pamoja wasije wakadhani nauonea uzee. Sina neno na mzee wa miaka 98 anayeweza kazi. Ninachouliza ni hiki: ikiwa kupumzishwa ni baraka kwa askofu, kwa rais wa kigingi, kwa Sabini na kwa Patriaki, ni sababu gani inayoizuia baraka hiyo isiwafikie watu kumi na watano walio juu kabisa, yaani Urais wa Kwanza na Akidi ya Mitume Kumi na Wawili?

Kabla ya kujibiwa, nataka nimweke mbele yenu Emmeline B. Wells. Muungano wa Usaidizi wa Akina Mama ulianzishwa Nauvoo, Illinois, tarehe 17 Machi 1842, Emma Smith akiwa rais wa kwanza. Waliofuata baada ya Muungano kufufuliwa Utah, yaani Eliza R. Snow, Zina D. H. Young na Bathsheba W. Smith, wote walifia kazini, na akina mama waliuona wito huo kuwa wa maisha, sawa na wa mitume. Wells aliupokea mwaka 1910. Aprili 1921, akiwa na miaka 93 na afya iliyozorota, alipumzishwa na Rais Heber J. Grant. Wiki tatu baadaye alifariki. Sisemi kwamba Grant alikosea. Mama yule alikuwa mgonjwa, na jumuiya kubwa kama ile ilihitaji mtu mwenye nguvu. Lakini Grant mwenyewe alipatwa na kiharusi mwaka 1940, naye alibaki katika urais mpaka alipofariki Mei 1945. Tangu Wells, hakuna mwanamke aliyeshika wito ule kama wa maisha. Sheria ilibadilishwa kwa wanawake kwa sababu zilezile ambazo, zilipowafika wanaume wa juu, hazikubadilisha kitu. Makala ya Muungano katika toleo hili inaligusa jambo hili kwa upole zaidi ya ninavyopenda, ndiyo maana nimelirudia hapa.

Wanaotetea utaratibu wa sasa wana hoja nzito, nami siipuuzi. Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa, alipouawa Carthage tarehe 27 Juni 1844 hakuacha njia moja iliyo wazi ya kumrithi. Sidney Rigdon na Brigham Young walisimama mbele ya waumini Nauvoo tarehe 8 Agosti, kanisa likapasuka, na Young hakuwa rais mpaka Desemba 1847. Alipofariki 1877, ilichukua miaka mitatu kabla ya John Taylor kuunda Urais wa Kwanza. Ni baada ya kifo cha Wilford Woodruff, Septemba 1898, ndipo Lorenzo Snow alipochukua nafasi ndani ya siku chache, na tangu hapo hakuna pengo refu wala kampeni. Mtume aliyetangulia kuingia katika Akidi ndiye anayefuata, basi. Nelson na Oaks waliidhinishwa pamoja Aprili 1984, lakini Oaks alikuwa bado jaji wa Mahakama Kuu ya jimbo la Utah. Nelson akatawazwa tarehe 12 Aprili, Oaks tarehe 3 Mei. Wiki hizo tatu ziliamua nani angetangulia kwa miaka 41. Utaratibu usiompa mtu yeyote nafasi ya kujipigia debe ni jambo la thamani, na sitaki ubomolewe.

Ila tusidanganyane kwamba ulishuka mbinguni ukiwa umekamilika. Mitume wa 1835, kule Kirtland, Ohio, walipangwa kwa umri. Mwaka 1875 Brigham Young aliwashusha Orson Hyde na Orson Pratt nyuma ya John Taylor, kwa sababu wote wawili waliwahi kutolewa katika Akidi na kurudishwa. Bila hatua hiyo, Hyde ndiye angetangulia Young alipofariki. Aprili 1900 ikaamuliwa kwamba kinachohesabiwa ni siku ya kuingia katika Akidi, si siku ya kutawazwa kuwa mtume. Uamuzi huo ulimweka Joseph F. Smith mbele ya Brigham Young Mdogo, na mwaka uliofuata Smith akawa rais. Sehemu ya 107 ya Mafundisho na Maagano inaeleza kazi ya Kumi na Wawili kwa urefu, na haisemi popote kwamba lazima wafie kazini. Utaratibu huu umetengenezwa kwa maamuzi, moja baada ya jingine, na viongozi waliojiona wana mamlaka ya kuamua.

Na una gharama zake. Spencer W. Kimball alipodhoofika, mshauri wake Gordon B. Hinckley alibeba karibu mzigo wote wa urais mpaka Kimball alipofariki 1985. Ezra Taft Benson, aliyefuata, katika miaka yake ya mwisho hakuweza kuhutubia mkutano mkuu, akafariki 1994. Kazi zilienda, hilo nakubali. Lakini waumini waliinua mikono kumwidhinisha mmoja huku maamuzi yakifanywa na wengine, na kanisa linalofundisha kwamba ufunuo huja kupitia kwa nabii mmoja lina wajibu wa kulieleza hilo kwa ukamilifu zaidi.

Jibu ninalopewa kila mara ni kwamba mtume ni shahidi wa maisha. Sawa, na abaki shahidi. Askofu anayepumzishwa havuliwi utawazo wake. Ni askofu asiye na kata. Brigham Young Mdogo alikuwa mtume tangu 1864 bila kuwa na nafasi katika Akidi mpaka 1868. Alvin R. Dyer alitawazwa kuwa mtume 1967, akahudumu kama mshauri katika Urais wa Kwanza, na David O. McKay alipofariki 1970 akarudi kuwa Msaidizi wa Kumi na Wawili bila kuwahi kuingia katika Akidi. Mtume asiye na kiti si jambo geni katika historia ya kanisa hili. Hata kushuka kutoka juu kupo: Dieter F. Uchtdorf, mshauri kwa karibu miaka kumi, alirudi kwenye nafasi yake katika Kumi na Wawili Januari 2018, akaendelea na kazi.

Makala ya Jumuiya ya Kristo, tawi lililobaki na ukoo wa Smith, isomwe pamoja na haya. Rais wao W. Wallace Smith alistaafu mwaka 1978, na leo nabii wao ni mwanamke. Makala ya mabadiliko ya 2018 katika akidi za wazee ni ya kitaalamu na itawafaa watafiti. Ile ya posho za viongozi wakuu ni fupi na ya haki.

Mwandishi wa makala ya mwisho ananipinga moja kwa moja. Anasema siku mtume wa kwanza atakapopumzishwa, litazaliwa swali ambalo halijawahi kuwepo: nani kaamua, na kwa nini huyu na si yule? Ni pingamizi bora kuliko yote niliyosikia, na nimempa kurasa nyingi kuliko mwandishi mwingine yeyote. Jibu langu ni kwamba kwa Sabini swali hilo limekwisha kujibiwa. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba Sitati ametosha. Alifikisha miaka 70, kama wenzake, na umri uleule uliowekwa kwa wote ukafanya kazi yake. Kwa mitume uwekwe 80, au hata 85, na mpangilio wa utangulizi ubaki kama ulivyo.